Asili ya jina Twining: kutoka Gloucestershire hadi Leguruki

Mjukuu wa Leguruki (Usa River, Arusha)

Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari za leo.

Ninaomba msaada kwa yeyote anayefahamu majina ya ukoo ya Kiingereza, hasa yale adimu. Babu yangu mzaa baba alizaliwa Desemba mwaka 1951, wiki chache tu baada ya wazazi wake kuondolewa kwa nguvu Ngarenanyuki na kupokewa na ndugu zao Leguruki. Alipobatizwa alipewa jina Twining, ambalo lilikuwa jina la Gavana wa Tanganyika wa wakati ule, Sir Edward Twining. Ukoo wetu wa Kimeru upo na unajulikana, lakini baba yangu alipopelekwa shule aliandikwa kwa jina lake na la baba yake, basi, na mimi nilipozaliwa nikaandikwa kwa jina langu, la baba na la babu. Ndiyo maana kwenye cheti changu cha kuzaliwa, vyeti vya shule na kitambulisho cha taifa, jina la tatu, ambalo kila ofisi hulichukua kuwa ndilo la ukoo, ni Twining. Hata tahajia yake haikutulia: cheti cha ubatizo cha babu kinasomeka Twaini, cheti cha shule cha baba kinasomeka Twaining, na changu Twining, na imenibidi kula kiapo mbele ya wakili kuthibitisha kwamba majina hayo yote ni ya familia moja.

Kilichonisukuma kuandika ni ujumbe nilioupokea mwezi uliopita kupitia tovuti moja ya nasaba. Mtu aliyeko ng'ambo, mwenye jina hilo hilo, aliniuliza kwa adabu mimi ni wa tawi gani, kwa maelezo kwamba wenye jina hilo duniani si wengi na yeye anajaribu kuwaunganisha wote katika mti mmoja. Sikujua nimjibu nini. Sitaki kumdanganya kwamba sisi ni ndugu, na pia sitaki kuandika kana kwamba jina hili tumeliokota barabarani, kwa sababu babu yangu amelibeba kwa heshima maisha yake yote.

Ningependa kujua jina lenyewe lina maana gani, lilianzia wapi huko Uingereza na limeenea wapi. Vilevile, nilipokuwa shule ya msingi Maji ya Chai, wenzangu walikuwa wakiniita "majani ya chai" kwa sababu ya jina Twinings waliloliona kwenye pakiti za chai dukani. Je, kuna uhusiano wowote kati ya Gavana na chai hiyo? Swali la mwisho ndilo linalonisumbua zaidi, nalo huenda wazee wa Meru ndio watakaolijibu: ilikuwaje baba wa mtoto aliyezaliwa katika uhamisho ule ampe mwanawe jina la mtu ambaye chini ya utawala wake alipoteza nyumba na malisho? Babu mwenyewe anasema baba yake hakuwahi kumweleza, naye hakuuliza.

Mwalimu Mstaafu (Soweto, Moshi)

Mwanangu, marahaba. Nimefundisha historia sekondari mpaka kustaafu, na majina ya watu na ya mahali ni jambo ninalolifuatilia kwa mapenzi, kwa hiyo univumilie nikijibu kwa urefu.

Twining ni jina la kijiji. Kijiji chenyewe kipo mpaka leo, siku hizi kinaandikwa Twyning, nacho kiko kaskazini ya mji wa Tewkesbury, katika Gloucestershire, magharibi ya Uingereza. Ukifungua ramani utauona mto Severn ukishuka upande wa magharibi ya kijiji na mto Avon upande wa mashariki, ikisogeleana hadi inapokutana Tewkesbury, na Twyning imekaa juu ya ardhi iliyobaki katikati yake. Jina linasema jambo hilo hilo. Katika Kiingereza cha kale lilianza kama maneno mawili yaliyounganishwa, la kwanza likimaanisha "baina ya" na la pili "mito". Baadaye kikaongezwa kiambishi cha mwisho ambacho Waingereza wa zamani walikitumia kuwataja watu wa mahali fulani, kama sisi tunavyotanguliza wa- tunaposema Wameru au Wamachame, hata jina likabeba maana ya "watu wa baina ya mito". Mwaka 1086, Mfalme William alipoagiza mashamba na vijiji viorodheshwe katika kitabu ambacho baadaye kiliitwa Domesday, kijiji hicho kiliandikwa Tveninge, miongoni mwa mali za abasia, yaani nyumba ya watawa, ya Winchcombe.

Wapo wanaodhani kwamba jina limetokana na neno la Kiingereza la kusokota kamba, na wengine wanadhani ni lile la pacha. Si mojawapo ya hayo, ingawa maneno yote hayo, pamoja na lile la "baina", yana mzizi mmoja wa kale unaotaja hesabu ya mbili: pacha ni wawili, kamba husokotwa kwa nyuzi mbili, na kilicho baina huwa kati ya viwili.

Sasa tuje kwenye jina la ukoo. Waingereza hawakuwa na majina ya kurithi tangu mwanzo. Yalianza kushika baada ya Wanormani kuiteka nchi mwaka 1066, kwanza kwa wenye ardhi kubwa, kisha polepole kwa watu wa kawaida, na kufikia mwaka 1400 hivi familia nyingi za Uingereza zilikuwa nayo. Mengine yalitokana na kazi, mengine na jina la baba, mengine na sifa ya mtu, na mengi sana na mahali. Magavana wetu peke yao wanatosha kuwa mfano: Byatt, wa kwanza, ni jina la mtu aliyekaa kando ya lango, Turnbull, wa mwisho, huelezwa kuwa ni jina la sifa la mtu mwenye nguvu za kumgeuza fahali, na Twining, aliyemtangulia Turnbull, ni jina la mtu aliyetoka Twyning.

Nasisitiza neno "aliyetoka", kwa sababu hapo ndipo watu wengi hukosea. Mtu aliyebaki kijijini Twyning hakuitwa Twining na jirani zake, kwa kuwa wote walikuwa wa hapo na jina hilo lisingemtofautisha na yeyote. Aliitwa hivyo alipohamia mji mwingine, kama vile mtu wa Rombo asivyoitwa Mrombo akiwa Mkuu au Tarakea, bali akifika Moshi mjini au Dar es Salaam. Kwa hiyo jina la namna hii, tangu siku ya kwanza, ni jina la mhamaji. Ukiyaweka hayo kando ya habari ya babu yako aliyezaliwa safarini, naona jina lilikwenda mahali ambapo halikuwa geni kabisa.

Kuhusu uadimu wake: majina ya Kiingereza yanayotokana na mahali hayana uzito sawa kwa mtafiti. Jina kama Sutton halimsaidii mtu kujua alikotoka, kwa sababu vijiji vyenye jina hilo vimetapakaa Uingereza nzima, na Smith, yaani mhunzi, kila kijiji kilikuwa naye. Twyning ni kimoja. Ndiyo maana mtu wa ng'ambo aliyekuandikia ana matumaini ya kuwaunganisha wote, na matumaini yake yana msingi, ila ajue kwamba kijiji kimoja si lazima kiwe na babu mmoja. Watu watatu wasio na undugu wangeweza kuondoka Twyning katika miaka tofauti, mmoja akaenda Gloucester, mwingine Bristol, mwingine Worcester, na kila mmoja akaitwa kwa kijiji chake. Chimbuko la jina ni moja. Chimbuko la damu laweza kuwa zaidi ya moja.

Tahajia isikutie aibu hata kidogo. Wenyewe wameandika Twyning, Twinning, Twining na namna nyingine, kwa sababu karani aliandika alichosikia. Makanisa ya Uingereza yaliamriwa kutunza daftari za ubatizo, ndoa na maziko mwaka 1538, na serikali ilianza kusajili vizazi na vifo mwaka 1837. Katika karne hizo tatu za katikati, mtu mmoja aliweza kubatizwa kwa tahajia moja, kuoa kwa nyingine na kuzikwa kwa ya tatu. Karani wenu wa ubatizo aliyeandika Twaini alifanya kazi ile ile kwa uaminifu ule ule.

Na chai, ndiyo, uhusiano upo. Thomas Twining alizaliwa Painswick, huko huko Gloucestershire, mwaka 1675, katika familia ya watu wa kazi za nguo. Biashara ya nguo ilipodorora familia ikahamia London akiwa bado mtoto. Alijifunza ufumaji, akauacha, akafanya kazi kwa mfanyabiashara aliyeingiza bidhaa kutoka mashariki, na mwaka 1706 akanunua mgahawa wa kahawa ulioitwa Tom's, karibu na mtaa wa Strand, akaanza kuuza chai humo. Duka la nambari 216 Strand lipo mpaka leo. Mjukuu wake, Richard, ndiye aliyemshawishi Waziri Mkuu Pitt juu ya kodi ya chai, ambayo mwaka 1784 ilishushwa kutoka asilimia 119 hadi 12.5, na magendo ya chai yakakosa faida. Gavana Edward Twining, aliyezaliwa Westminster mwaka 1899, alikuwa mtoto wa kasisi wa familia hiyo, na ndugu yake Stephen alikuwa mkurugenzi wa kampuni yenyewe ya chai. Wenzako wa shule ya msingi walikutania, lakini walichokisema kilikuwa na ukweli ndani yake.

Binti wa Shanty Town (Moshi)

Mwalimu, shikamoo, na ahsante kwa maelezo haya. Naomba niongeze upande wa Marekani, kwa sababu nimesoma Pennsylvania miaka minne na jina hili nililikuta huko.

Tawi la Marekani ni la zamani kuliko duka la chai. Katikati ya karne ya 17 alikuwepo William Twining katika mji wa Eastham, kwenye rasi ya Cape Cod, Massachusetts. Kizazi kilichofuata kiliingia katika dhehebu la Waquaker, na baadhi yao wakahamia Newtown, katika wilaya ya Bucks, Pennsylvania, ambako jina lilishika mizizi hasa. Mchoraji Edward Hicks, aliyezaliwa mwaka 1780 na kufiwa na mama yake akiwa mdogo sana, alilelewa na David na Elizabeth Twining kwenye shamba lao la Newtown, na alipozeeka akalichora shamba hilo kama alivyolikumbuka, pamoja na wanyama wake, farasi wake na mama mlezi wake akiwa na kitabu mapajani huku mtoto amesimama karibu naye. Nimeiona nakala ya mchoro huo, na kwa maoni yangu hakuna mti wa ukoo unaoeleza jina vizuri kuliko picha ile, kwa kuwa mtoto yule hakuwa Twining kwa damu, na bado ndiye aliyewahifadhi.

Kutoka huko Pennsylvania na New England jina lilisambaa magharibi. Alexander Twining wa Connecticut alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kutengeneza barafu kwa mashine kwa ajili ya biashara, katika miaka ya 1850. Jenerali Nathan Twining, aliyezaliwa Monroe, Wisconsin, mwaka 1897, aliongoza jeshi la anga la Marekani, na kuanzia mwaka 1957 hadi 1960 alikuwa mwenyekiti wa wakuu wa majeshi yote ya nchi hiyo. Maana yake ni kwamba mwaka 1957 kulikuwa na Twining mmoja Washington, mwingine Ikulu ya Dar es Salaam, na wa tatu, babu yako dada yangu, akikaribia miaka sita anachunga mbuzi Leguruki.

Kuhusu namna ya kumjibu yule mtu wa ng'ambo, upo mfano wa nyumbani unaoweza kukusaidia. Jina Sykes ni la Kiingereza, la Yorkshire, na linatokana na neno la huko la kijito au mfereji wa maji unaopita penye unyevunyevu. Mwaka 2000 mtaalamu wa jenetiki wa Oxford, Bryan Sykes, alichapisha matokeo ya kuwapima wanaume wa Uingereza wenye jina lake, wasiojuana, akitazama kromosomu Y ambayo baba humrithisha mwana wa kiume, na akakuta karibu nusu yao wana alama zile zile, jambo linaloonyesha babu mmoja wa zamani. Lakini sisi Watanzania tukisikia Sykes hatufikirii Yorkshire. Tunafikiria Dar es Salaam, na Kleist Sykes, katibu mwanzilishi wa African Association mwaka 1929, na mwanawe Abdulwahid aliyekuwa kiongozi wa TAA (Tanganyika African Association) kabla ya Mwalimu Nyerere. Mzee wao, Sykes Mbuwane, alikuwa Mzulu aliyeletwa kutoka Msumbiji pamoja na askari wa Kijerumani. Hakuna anayewaambia kwamba jina si lao kwa sababu kromosomu zao hazikutoka Yorkshire. Limekuwa lao kwa kuishi nalo na kwa mambo waliyoyatenda wakiwa nalo.

Kwa hiyo ningekushauri umwambie ukweli wote kwa sentensi chache: kwamba jina lilifika kwenu mwaka 1951 kwa ubatizo na si kwa uzazi, na kwamba kipimo chochote cha babu yako kitaonyesha Umeru wake. Mtafiti wa kweli atashukuru. Anayetafuta namna jina lilivyoenea duniani anahitaji kujua pia mahali lilipopandwa bila mbegu ya mwenyewe.

Mkazi wa Njiro (Arusha)

Dada, mimi naona njia iko wazi. Jina la mkoloni si la kubeba. Zipo taratibu za kisheria za kubadili jina kwa hati, ukatangaza, ukarudisha jina la ukoo wako wa Kimeru, na watoto wako wakaepukana na viapo vya mawakili. Historia ya kijiji cha Uingereza ni nzuri kuisoma, lakini si yako.

Mzee wa Ngarenanyuki

Mjukuu wangu, nimesomewa maneno yenu na kijana wangu, naye ndiye anayeniandikia haya. Mwaka 1951 nilikuwa na miaka saba, kwa hiyo niliyoyaona niliyaona kwa macho ya mtoto, na mengine niliyasikia kwa wazazi.

Serikali ilikuwa imeamua kwamba eneo la Engare Nanyuki, yaani Ngarenanyuki yetu, litolewe kwa walowezi, kwa kufuata mapendekezo ya tume ya Jaji Wilson iliyochunguza ardhi za Arusha na Moshi mwaka 1947. Sisi tuliambiwa twende Kingori. Wazee walikataa, kwa sababu Kingori ni chini, kuna joto na maradhi, na kwa sababu ardhi waliyokuwa juu yake hawakuwa tayari kuibadilisha na nyingine. Kuanzia tarehe 17 Novemba 1951 watu wapatao 3,000 waliondolewa. Nyumba zilichomwa. Ninachokikumbuka mimi ni sauti ya ng'ombe waliokuwa wakiswagwa pamoja, wa watu wote wamechanganyika, na mama yangu akiita ng'ombe wake mmoja mmoja kwa jina. Wengi hawakwenda Kingori. Walipanda kwa ndugu zao mlimani, kama wazazi wa babu yako walivyofanya.

Mwaka uliofuata watu walichangishana fedha, wakamtuma Kirilo Japhet hadi New York, pamoja na wakili Earle Seaton, mtu wa Bermuda aliyekuwa na ofisi yake Moshi, kulieleza shauri letu mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Hakuwahi kutokea mtu wa Tanganyika kabla yake aliyesimama pale kueleza malalamiko ya watu wake. Katika mikutano ya michango, jina la Gavana lilitajwa kila mara. Watoto tulilijua kabla ya kujua kusoma.

Sasa unauliza kwa nini baba alimpa mtoto jina hilo. Siwezi kumsemea marehemu, lakini nitakueleza tulivyokuwa tukifanya. Mtoto aliyezaliwa wakati wa njaa aliweza kuitwa kwa njaa hiyo, na aliyezaliwa wakati wa vita aliitwa Vita, na hakuna aliyedhani kwamba mzazi anaipenda njaa au anaipenda vita. Kule Kingori namfahamu mzee anayeitwa Mashaka na mwingine anayeitwa Uhuru, wa Desemba 1961. Jina lilikuwa kalenda ya watu ambao hawakuwa na kalenda ukutani. Tena, mtu anayemdai mwenzake haachi kulitaja jina lake. Ukiwa na mtoto anayeitwa Twining, kila asubuhi unapomwita akafungulie mbuzi unakuwa umelitaja deni lako, na hakuna askari anayeweza kukukamata kwa kumwita mwanao. Mimi ninavyowajua wazee wale, walikuwa na akili ya namna hiyo.

Wewe wa Njiro, mwanangu, nimekusikia na nia yako ni njema. Lakini ukilifuta jina hilo kwenye vyeti utakuwa umefuta mahali pekee ambapo mzee yule aliandika habari yake. Yeye hakujua kuandika barua. Alichoandika ni jina la mtoto, nalo limedumu miaka zaidi ya sabini katika daftari la kanisa.

Mwalimu Mstaafu (Soweto, Moshi)

Mzee wangu, shikamoo, na pole kwa yaliyowapata. Maneno yako yamenikumbusha jambo moja ambalo nililiacha, nami naliongeza kwa faida ya mwanangu wa Usa River.

Edward Twining alikuwa Gavana tangu mwaka 1949 hadi 1958. Alipoondoka alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kupewa heshima ya kuingia katika Baraza la Malodi, baraza la juu la bunge la Uingereza, kwa maisha yao tu, chini ya sheria mpya ya mwaka huo huo wa 1958, na cheo alichokichagua kilimtaja kuwa Baron Twining wa Tanganyika na wa Godalming, katika Surrey. Yaani wakati mtoto wa Kimeru alikuwa akikua na jina la Gavana, Gavana alikwenda kwao akiwa amebeba jina la nchi ya mtoto. Tofauti ni kwamba cheo cha namna ile hakirithiwi. Kilikoma alipofariki mwaka 1967. Mwanawe William, aliyezaliwa Kampala mwaka 1934, alirudi kwa njia nyingine kabisa: alikuwa miongoni mwa walimu wa mwanzo wa sheria katika chuo kikuu cha Dar es Salaam kilichofunguliwa mwaka 1961, akawafundisha wanasheria wa taifa huru. Kwa hiyo katika nchi hii jina Twining limepita Ikulu, kwenye darasa la sheria na kwenye daftari la ubatizo la Meru, na ni hilo la mwisho peke yake ambalo bado linazaa.

Kuhusu ramani zinazoonyesha jina limeenea wapi, naomba umweleze rafiki yako wa ng'ambo jambo la kiutafiti. Ramani nyingi za majina ya Uingereza hutengenezwa kwa sensa ya mwaka 1881, kwa sababu ndiyo iliyonakiliwa yote kwa kazi ya watu wa kujitolea na kuwekwa wazi kwa watafiti, na wakati huo watu wengi bado walikuwa hawajaenda mbali sana na vijiji vya mababu zao. Ramani ya namna hiyo huonyesha vizuri jina lilikotoka. Haiwezi kuonyesha lilikofika baada ya hapo, wala majina yaliyotolewa kwa ubatizo katika makoloni, ambayo hayamo katika sensa yoyote ya Uingereza. Leguruki haitaonekana humo mpaka mtu aiandike.

Mjukuu wa Leguruki (Usa River, Arusha)

Mzee wangu wa Ngarenanyuki, shikamoo. Mwalimu, shikamoo. Dada wa Shanty Town, ahsante sana, na kaka wa Njiro nakushukuru pia, kwa sababu bila neno lako Mzee asingelisema lile la deni.

Jumapili nilikwenda Leguruki nikamsomea babu majibu yenu yote, tukiwa tumekaa uani pamoja na shangazi. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipofika kwenye maneno ya Mzee kuhusu ng'ombe waliochanganyika aliniomba nirudie, nikarudia. Kisha akaniambia jambo ambalo hajawahi kulisema mbele yangu, kwamba baba yake, alipokuwa akimwita kutoka mbali, alikuwa akilitamka jina hilo kwa sauti kubwa kuliko majina ya ndugu zake wengine, na kwamba utotoni alidhani ni kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa mtundu zaidi. Shangazi alilia kidogo. Babu hakulia.

Yule mtu wa ng'ambo nimemjibu kama dada alivyonishauri. Nilimweleza kuhusu mwaka 1951, kuhusu ubatizo, na kuhusu tahajia zetu tatu, nikamwambia kwamba sisi ni Wameru na kwamba hatuombi tawi katika mti wake, ila kama ana ramani ya jina basi aiweke Leguruki. Amejibu siku ya pili. Anasema ataiweka, na ameomba ruhusa ya kuandika kando yake sababu ambayo jina lilifika. Nimempa ruhusa ya mistari miwili, ambayo babu mwenyewe aliisoma kabla sijaituma.

Sitabadili jina. Nimeamua kwamba watoto wangu wataandikwa jina la ukoo wa Kimeru mbele yake, yote mawili yakae pamoja.

Babu ana swali moja kwa Mwalimu. Baada ya kusikia maana ya jina alinyamaza, akauliza hiyo mito miwili ya huko inafananaje, na kama nayo hukauka kiangazi kama mto wetu unavyopungua siku hizi kwa sababu ya mifereji ya nyanya.

Mwalimu Mstaafu (Soweto, Moshi)

Mwambie babu haikauki. Severn ndio mto mrefu kuliko yote katika kisiwa cha Uingereza, kilomita 354 hivi, ukianzia kwenye milima ya Wales. Avon ni mdogo na mtulivu, unatoka mashariki na kupita Stratford kabla ya kufika Tewkesbury. Shida ya huko ni kinyume cha ya kwenu: maji huwa mengi kupita kiasi. Julai mwaka 2007 mito yote miwili ilifurika kwa pamoja, mji wa Tewkesbury ukazingirwa na maji pande zote, na picha zilizopigwa kutoka angani zilionyesha kanisa kubwa la zamani likiwa limebaki kama kisiwa. Mwambie pia kwamba nina ramani kubwa ya eneo hilo, na nikipita Usa River mwezi ujao nitaileta aione mwenyewe.